Puti Haisubiri Salamu

Huku kwetu Mkwaja, kwenye pwani ya Pangani, gari haliharibikii njiani, linaharibika limeegeshwa. Liache chini ya mwembe juma moja la kusi, usiliwashe, usilipakie hata gunia la nazi. Ukilirudia utakuta kutu imekwisha kupiga hodi kwenye ukingo wa mlango, imejikaribisha yenyewe na imeanza kulea wajukuu. Wataalamu wanasema chuma hugeuka kutu kikikutana na maji na oksijeni, na kwamba chumvi huharakisha shughuli kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme kwa wepesi. Sawa kabisa. Ila huko wanakoandikia vitabu, maji, hewa na chumvi hutajwa kimoja kimoja. Sisi tunavivuta vyote kwa pumzi moja, tangu alfajiri mpaka tunapofunga dirisha, na dirisha lenyewe bawaba zake zimeshaoza.

Chombo changu ni Kirikuu. Kwa asiyekijua, ni Suzuki Carry, kigari cha mizigo chenye injini ya CC 660 iliyofichwa chini ya kiti, hata dereva akienda mbali anafika ameiva. Wajapani wamekiwekea sheria: injini isizidi hapo, na mzigo usizidi kilo 350. Kilo 350 kwetu ni staftahi. Nimekipakia nazi, samaki, tofali, mabati, na siku moja kitanda cha bi harusi pamoja na bi harusi mwenyewe, mashoga zake na ngoma mbili, na bado njiani kuna mtu alisimamisha akauliza kama kuna nafasi. Nafasi ilikuwepo.

Tena gari hili lilizoea chumvi kabla halijaniona. Kaskazini mwa Japani, majira ya baridi, barabara humwagiwa chumvi ili theluji iyeyuke, na magari yaliyolelewa huko hushuka melini yakiwa na kikohozi tayari. Langu lilifika na kikohozi hicho, likapewa kazi ya kubeba samaki. Barafu inayeyuka, maji ya samaki yanatiririka sakafuni, yanachungulia kila tundu na kulala humo. Ukitaka kuliosha unachota kisimani, na kisima chetu kina maji ya chumvichumvi ambayo hata chai inayakataa. Kwa hiyo unaondoa chumvi ya samaki kwa chumvi ya kisima, kisha unalianika kwenye upepo wenye chumvi ya bahari. Mke wangu anasema hilo si gari, ni ng'onda.

Wala tusidhani ni magari peke yake. Eneo letu lina tabia ya kula vya watu. Miaka ya 1950 kampuni ya Amboni, ile ya mkonge, ilianzisha ranchi kubwa ya ng'ombe hapa Mkwaja. Ng'ombe wakapambana na ndorobo, malisho yakavamiwa na vichaka, vichaka vikakatwa, vikaota tena. Mwaka 2000 ranchi ikafungwa, na ardhi yake leo ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, ambamo tembo wanatembea bila kuogopa ndorobo wala kudaiwa hesabu za mwaka. Ikiwa ng'ombe kwa maelfu walishindwa, Kirikuu kimoja chenye bati lisilofika unene wa milimita moja ni nani?

Wazee wa pwani walilijua hili mapema. Mtepe, chombo chao cha zamani, ulishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi kutoka omo mpaka tezi, bila msumari wa chuma. Katika karne ya kwanza kuna mwandishi aliyeandika kwa Kigiriki mwongozo wa wafanyabiashara wa baharini, akautaja mji wa Rhapta katika pwani hii na mashua zake za kushonwa. Wapo wanahistoria wanaoutafuta mji huo maeneo ya Pangani, wengine wanautafuta Rufiji. Popote ulipokuwa, watu wake hawakuwahi kununua puti ya kujazia mibonyeo ya bati.

Mimi nilinunua. Na kabla ya kueleza ilivyonitenda, lazima niwatambulishe wahusika, maana mibonyeo ya Kirikuu changu kila mmoja una mtu wake. Wa paani ni wa nazi. Wageni hupenda kuuliza kama kweli nazi huangukia watu. Huangukia magari. Mnazi una subira: unaliacha gari lipite chini yake mwaka mzima, unangoja Ijumaa umeegesha umeingia kuswali. Wa ubavuni ni wa nanga ya shemeji yangu, mvuvi, ambaye katika maisha yake hajawahi kushusha kitu bila kukirusha. Wa nyuma niliupata kwenye foleni ya pantoni ya Mto Pangani, upande wa Bweni, lori liliponisogelea kunijulia hali. Na chini ya mlango hakuna aliyegonga. Pale kutu ilifanya kazi yake bila kusaidiwa na mtu.

Mbonyeo wenyewe si ugonjwa. Ugonjwa ni rangi kupasuka pale bati lilipokunjika, hewa ya bahari ikapata mlango. Kutu hujaa nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo huinua rangi kutoka chini. Wewe kwa juu unaona malengelenge mawili matatu, unajiambia hayo madogo, nitayaangalia baada ya mwezi mtukufu. Huko chini mkutano mkuu umeshafunguliwa na wajumbe wanaendelea kuwasili.

Mafundi wazuri wa kunyoosha bodi wapo Tanga mjini. Lakini kulifikisha gari Tanga ni kuvuka mto, uliache huko, urudi kwa magari ya watu, halafu fundi akuambie njoo keshokutwa, keshokutwa ambayo kalenda ya Kiislamu wala ya Kikristo haijapata kuiandika. Ndipo nikaamua kazi ifanyike uani kwangu. Nikaenda Pangani nikanunua brashi ya waya, msasa namba 80, 240 na 400, kopo la puti na hadina yake ya kuigandisha, praima ya kuzuia kutu, thina, na rangi. Rangi ina kisa chake, nitakifikia.

Uani kwetu hakuna ukuta. Gari likisimama na mwenyewe akaonekana ameshika nyundo, taarifa inafika ufukweni kabla ya nyundo kutua. Kufika adhuhuri baraza lilikuwa limetimia, kila mjumbe na dawa yake. Mmoja alishauri oili chafu. Mwingine alisema nipige rangi juu kwa juu, kutu ikikosa hewa itakufa. Sikutaka kumvunjia heshima kwa kumweleza kwamba kutu ukiifunika unaitandikia godoro, kwani unyevu wake na hewa yake umeifungia nayo humo humo. Shemeji hakushauri. Yeye nilipokwenda kuswali alichukua sifa, yale mafuta ya ini la papa yanayopakwa majahazi, akapaka sakafu yote ya gari kwa chini, kwa mapenzi. Mafuta yale ni mazuri sana kwa mbao. Kwenye Kirikuu yalileta paka. Walikuja paka wa kwetu, paka wa jirani, na paka wa maeneo ambayo hatuna hata ndugu. Mpaka sasa siwezi kuliondoa gari bila kwanza kupiga honi na kuinama kuhesabu mikia.

Tulianza na paa. Kazi ya kunyoosha bati inataka watu wawili: wa ndani anasukuma au kugonga, wa nje anashikilia kitu kizito ili bati lisipitilize. Mafundi wana vyuma vyao maalumu. Sisi tulichukua nazi kavu tukaivika kipande cha kanga, nikakaa ndani nikisukuma, shemeji akalala juu ya paa ameshika ubao. Nazi ilibonyeza, nazi ikanyoosha, haki ikatendeka. Lakini bati likishatanuka haliwi tena lile la kiwandani. Asubuhi lilikaa sawa. Jua lilipolichoma likashuka, pwa! Magharibi lilipopoa likapanda, pwa! Hivyo ndivyo linavyoishi. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea na hakuwa upande wangu tangu mwanzo, sasa analitumia kujua saa ya kuanika na saa ya kuanua mpunga, na anasema halijawahi kumdanganya.

Ubavuni nikachukua brashi ya waya. Nilianza pole pole, kama kitabu kinavyotaka, kutoka katikati ya lengelenge kwenda nje mpaka uone chuma kinachong'aa pande zote. Magamba yalianguka, mekundu, kisha meusi, kisha manene. Nikakaza mkono. Brashi ikazama. Nilipoichomoa, kulikuwa na kuku ananitazama kutoka upande wa pili.

Tundu halizibwi kwa puti tupu. Watu wengi hufanya hivyo, na puti ya aina hii hunyonya unyevu, kwa hiyo baada ya masika moja inadondoka na kubeba rangi yako yote. Unatakiwa uweke kiraka cha bati kwanza, kwa kuchomelea au kwa ribiti. Mchomeleaji wetu alikuwa amesafiri na kijiji kizima kilijua isipokuwa yeye siku atakayorudi. Tukakata debe la mafuta ya kula, tukalipiga ribiti kwa ndani. Ukiinama kwenye bodi leo utaona nusu ya ua la alizeti, limechanua vizuri.

Hapo ndipo alipotokea babu fundi wa mashua, mtu ambaye huzungumza mara chache na akizungumza hatazami usoni, anatazama mbao. Aliligusa bati kwa kucha, akanusa kidole.

"Mjukuu wangu, umesugua. Umeua wazazi, watoto wamo kwenye vishimo. Chemsha gome la mkandaa, upake."

Baraza zima lilicheka, na mimi nikatabasamu upande mmoja ili nisionekane nimeegemea popote. Maji ya mkandaa ni yale mekundu ambayo watu wa pwani wamekuwa wakitilia rangi tangu zamani. Magome ya mikoko ya pwani hii yalikuwa yakisafirishwa ng'ambo tangu enzi za Wajerumani, kwa ajili ya kusindika ngozi, kwa sababu yamejaa tanini. Na tanini ikikutana na kutu hutengeneza kitu cheusi kilichoelekea bluu, kigumu, kisichoyeyuka ovyo kwenye maji. Vile vichupa vya kubadilisha kutu vinavyouzwa ghali mijini, vingi vina asidi ya fosfori au hiyo hiyo ya tanini; na huko Malaysia watafiti wa chuo kikuu wamekaa maabara na magome ya mikoko wakipima yanavyozuia chuma kuoza. Babu hajafika Malaysia. Kukata mkoko bila kibali siku hizi ni kesi, na ni haki iwe kesi, kwa hiyo tulibandua gome la boriti kuukuu zilizolala nyuma ya banda lake, tukachemsha kwenye sufuria ambayo nitaomba isitajwe, nikapaka kiraka na mbavu. Usiku ule kutu iligeuka nyeusi tititi. Babu alipita asubuhi, akatazama, akasema "Ee," akaenda zake.

Sasa puti.

Zamani, kabla puti za plastiki hazijaenea katika miaka ya 1950, mafundi wa Ulaya na Marekani walijaza mibonyeo kwa risasi iliyoyeyushwa kwa moto. Ilikuwa kazi ya hatari na mvuke wake ni sumu, lakini ilikuwa na ubora mmoja ambao haukuandikwa popote: risasi ikiganda, unaipasha moto tena, inarudi. Puti ya siku hizi ikishatiwa hadina haina kurudi. Hadina yenyewe ni kidogo mno, kama sehemu mbili katika mia, kipande cha dawa ya meno juu ya tonge. Ukishakoroga una dakika chache za kupaka, na kadiri joto linavyopanda ndivyo dakika zinavyopungua. Waliotengeneza puti hii walifikiria joto. Hawakumfikiria mtu anayechanganya puti saa sita mchana ya Februari, Wilaya ya Pangani, kwenye njia ya watu.

Nilikuwa nimekoroga vizuri, rangi imekuwa moja, hakuna mistari. Kwa kukosa kibao nilitumia sinia. Nikaokota kisu cha kupakia, nikageuka kuelekea ubavu wa gari, nikasikia nyuma yangu:

"Hodi hapa!"

Alikuwa mzee wa kijiji cha pili, rafiki wa marehemu baba, mtu aliyenibeba mgongoni. Kwetu mtu wa namna hiyo hasalimiwi ukiwa umempa ubavu.

"Karibu, mzee wangu. Shikamoo."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo."

"Watoto?"

"Hawajambo, mzee."

"Mama watoto?"

"Hajambo."

"Na mama mkwe nasikia yupo?"

"Yupo, mzee, hajambo, ila..."

Nilitaka kusema ila nina kitu mkononi. Mzee alishusha bakora.

"Ila? Anaumwa?"

"Haumwi, mzee wangu. Ni puti."

"Puti! Imemshika wapi?"

"Hapana, mzee, ni hii ya gari, inaganda..."

"Miguu ikiganda ni baridi yabisi. Msimwache alale chini. Mkandeni kwa mafuta ya nyonyo. Hospitali mmeenda?"

Wakati huo sinia lilikuwa linaanza kuchemka chini ya kiganja changu, maana puti ikiganda hutoa joto. Nilijaribu kukisogeza kisu kwa siri huku nikiitikia. Kisu kilikuwa kimeshika. Mzee aliuliza ng'ombe wa mjomba, akauliza kesi ya shamba, akauliza kuhusu ndugu yangu aliyeko Muscat kama bado anafanya kazi kwa yule tajiri wa mwanzo. Yote ni maswali ya haki, na yote niliyajibu. Aliponipa mkono wa kwaheri nilimpa wa kushoto nikiwa nimeusindikiza na udhuru, kwa sababu wa kulia ulikuwa umeshika kisu, kisu kimeshika puti, na puti imeshika sinia. Tulikuwa kitu kimoja.

Mke wangu alitoka jikoni wakati nalipiga sinia kwenye mzizi wa mwembe.

"Baba, hilo si sinia langu la Idi?"

"Ndilo. Linakauka."

"Linakauka nini?"

Sikuwa na jibu litakaloishi mpaka jioni. Kisu kilitoka, puti haikutoka, wala haitatoka. Puti nzuri kweli, ningeijua hivyo ningeisifia dukani. Idi iliyofuata pilau lilipakuliwa kuzunguka kilima. Waliokaa upande wa magharibi walilalamika kwamba nyama zote zimeteremkia mashariki.

Kwa awamu iliyofuata nilijipanga. Nilichanganya kidogo kidogo, juu ya kipande cha kioo, na nikamweka mtoto wetu mdogo njia panda awaambie wapitao: baba anachanganya puti, tafadhali mpitie baadaye. Ni ujumbe mwepesi. Mtoto aliufikisha vizuri kwa wa kwanza na wa pili. Wa tatu alikuwa anakwenda kisimani, akasikia nusu, na kisimani ikafika kwamba baba amechanganyikiwa. Kisima chetu kina chumvi lakini kina kasi. Ndani ya muda mfupi uani kwangu palijaa watu ambao hata siku ya nyundo hawakuja. Waliingia taratibu, wakanisalimu kwa sauti ya kumbembeleza mgonjwa, wakaenda kumpa pole mke wangu. Shangazi mmoja aliniuliza kama namfahamu. Nikamjibu namfahamu vizuri sana, naomba tu anisamehe puti inaganda. Alitazamana na wenzake, akatikisa kichwa. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye mkeka wake na mpunga wake, na katika umati wote ule hakuna aliyefurahi kumzidi.

Hata hivyo puti iliingia. Nikaisugua kwa msasa namba 80 mpaka ikafuata umbo la bodi, nikashuka namba 240, nikamalizia na 400 kwa maji. Hapo sina kisa. Vumbi jeupe lilinipaka toka nywele hadi kope, na kwa wale waliokuja na habari za kisimani halikunisaidia.

Kabla ya kupiga rangi lazima ufunike vioo, taa na matairi. Solotepu ya karatasi iliishia kwenye kioo cha kwanza, na duka la karibu lilikuwa na solotepu ya kila aina isipokuwa hiyo. Tukapika uji mzito wa unga wa muhogo, tukabandika magazeti. Ulishika vizuri ajabu. Tukaingia kula. Tuliporudi, mbuzi wa jirani alikuwa amesimama kwa miguu miwili, amekwisha kumaliza ukurasa wa michezo na matangazo ya vifo, yuko kwenye tahariri. Tukamfukuza, tukapika uji mwingine, tukabandika tena, na mtoto yule yule akapandishwa cheo kutoka njia panda kuja kulinda mbuzi.

Rangi nilikuwa nimeinunua kwa uangalifu. Kila gari lina kibati chenye namba ya rangi yake. Weupe wa Kirikuu changu ni 26U. Niliiandika kwenye karatasi, nikampa kijana wa dukani. Aliisoma pande zote mbili, akaniuliza kama ni namba ya simu. Nikamweleza. Akasema, "Bosi, nyeupe ni nyeupe," akanipa makopo ya kupuliza. Kwetu kila mtu anajua weupe wa chokaa si weupe wa maziwa, na weupe wa maziwa ya ng'ombe si wa tui. Mimi nilikwenda na rangi ya chokaa, nikarudi na ya tui.

Upepo wa kaskazi ulikuwa umetulia tangu asubuhi. Ulitulia nilipotikisa kopo, ukatulia nilipopima umbali wa shubiri moja kutoka kwenye bati, na ukaamka nilipobonyeza. Rangi haikugusa gari. Ilipita mbele yake ikaenda kumkuta mbuzi, aliyekuwa amerudi kwa ajili ya tahariri. Alikuwa mbuzi mweusi mtupu. Jirani alikuja akiwa amemshika pembe, akaeleza kwa upole wa mtu anayejua ana haki kwamba mbuzi huyo alikuwa ameshapata mnunuzi, na mnunuzi alikuwa ameagizwa na mganga mbuzi mweusi asiye na doa. Sasa ana doa. Tulimsugua kwa thina kidogo na sabuni nyingi, akawa wa kijivu, jambo ambalo mganga hakuliagiza. Tulimalizana kwa safari ya bure ya nazi zake mpaka Pangani. Niseme tu kwamba rangi ile juu ya mbuzi ilikaa laini, bila chirizi. Juu ya gari, mchanga wa kaskazi ulikuja ukatua kwenye rangi mbichi na kubaki humo. Ukipitisha kiganja ubavuni kwangu leo unaweza kuwasha kiberiti.

Masika imepita, na hukumu imetoka. Mbonyeo wa nyuma, ambao niliupaka praima tu kwa sababu gome liliisha, umeanza malengelenge. Kiraka cha alizeti na mbavu zilizopakwa mkandaa viko imara, havina hata kipele. Babu fundi hajasema lolote. Kila akipita hutazama pale, kisha hutazama ile nyuma, kisha hutazama baharini.

Kuna barabara ya lami inajengwa kutoka Bagamoyo kupitia Saadani na Pangani hadi Tanga, kilomita 256, na daraja la mita 525 la kuvukia Mto Pangani. Nimeanza kuona faida zake: wanunuzi wa magari ya mkononi wanashuka na sumaku mfukoni. Sumaku hushika chuma, haishiki puti, na mtu mwenye nayo haulizi maswali mengi. Alikuja mmoja akaizungusha ubavuni mwa Kirikuu changu. Ilianguka hapa, ikaanguka pale, mwisho ikaanguka mchangani ikaokota msumari. Alisimama, akaangalia rangi mbili, akasikia paa likisema pwa, akainama akakutana na macho ya paka. Akaniambia bei. Ilikuwa bei ya msumari.

Gari haliuzwi. Mbonyeo wa nyuma nitaurudia mwenyewe, gome la boriti nimeshapata na puti imebaki nusu kopo. Kwa hiyo nawaomba majirani, wazee wangu wa vijiji vyote viwili, na wewe unayesoma kama njia itakuleta huku: ukinikuta uani nimeshika kisu na kipande cha kioo, pita moja kwa moja jikoni, chai ipo. Wote hawajambo, na yule wa Muscat amebadilisha tajiri. Tutasalimiana nikimaliza.